Spea Kwanza, Maonyesho Baadaye: Jinsi Vilabu vya Magari ya Kale Vinavyoweza Kusaidiana

Vilabu viwili vya magari ya kale vikikutana, mazungumzo huanza na maonyesho: uwanja gani, mwezi gani, nani ataleta muziki. Tunashauri yaanze na spea. Tangu sheria ya usalama barabarani irekebishwe mwaka 2018, Uganda hairuhusu kuingiza gari la kawaida lililopita miaka 15 tangu kuundwa. Kwa Kenya kikomo ni miaka 8. Basi ile njia ya kuagiza gari bovu kutoka ng'ambo ili ulichinje upate spea imezibwa. Peugeot 404 zilizomo nchini ndizo hizo hizo, na stoo ya klabu jirani ya Jinja, Mbale, Kisumu au Mwanza ina thamani kuliko kombe lolote.

Kazi ya kwanza ni daftari moja la pamoja. Si orodha ya wanachama na picha za magari yao, hiyo mnayo tayari kwenye WhatsApp. Daftari la maana lina namba ya chasisi, namba ya injini, mwaka, volti za umeme, ncha ya betri iliyofungwa kwenye bodi, aina ya kabureta, chapa ya breki (Girling, Lockheed, ATE, Bendix) na idadi ya bolti za tairi. Bila hayo mtu atasema "nina stata ya Volkswagen Beetle", mwenzake atatuma pesa, na stata itafika isiingie.

Beetle ndilo somo zuri la jambo hili, kwa sababu kwa macho yote yanafanana. Magari mengi ya kabla ya 1967 yana umeme wa volti 6, na flaiwili yake ina meno 109. Yaliyokuja na volti 12 yana flaiwili ya meno 130, kubwa zaidi, na klachi ya milimita 200 badala ya 180. Stata ya moja haishiki kwenye nyingine, na ukiilazimisha unakula meno. Rimu nazo zilikuwa na bolti 5, kisha mwishoni mwa miaka ya 1960 zikawa 4, kwa hiyo hata tairi ya akiba haiazimiki ovyo. Kabureta za Solex ziko za 28, 30 na 34, na mdomo wa chini wa kila moja unataka manifoldi yake.

Land Rover lina tatizo lingine: nati. Ya miaka ya 1950 imejaa nati za Whitworth na BSF, vipimo vya inchi vya Kiingereza, za baadaye zikaja UNF, nazo pia za inchi. Fundi mwenye spana za milimita pekee atazila kona kabla ya saa sita mchana, na baadaye bolti itatolewa kwa patasi. Klabu yenye seti kamili ya spana za Whitworth iandikwe daftarini kama ambavyo ingeandikwa ikiwa na injini ya akiba.

Na kwa wenye Peugeot 404, gari lililoshinda Safari Rally mwaka 1963, 1966, 1967 na 1968, kuna jambo ambalo linaua magari kimyakimya. Difu yake si ya kawaida, ina gia ya skrubu inayozungusha gurudumu la shaba. Mafuta ya EP (ya kustahimili shinikizo kubwa) yanayouzwa kila duka kwa ajili ya difu yana salfa, na baadhi yake hula shaba. Inatakiwa oili yenye asili ya mbarika, ile iliyoelekezwa na kiwanda. Madumu ya oili hiyo ni adimu, kwa hiyo klabu yenye 404 mbili na klabu yenye 404 tatu ziagize pamoja.

Tukishafika kwenye kuagiza pamoja, chagueni vitu vinavyoisha: platini, kondensa, rota, mipira ya silinda za breki, hozi za breki, sili za shafti, beringi za magurudumu. Msirundike mpira. Sili na hozi huzeeka zikiwa kwenye pakiti, na stoo ya bati yenye joto huziharakisha, kwa hiyo nunueni za kutosha miaka miwili, mziweke gizani. Kondensa mpya zipimwe kwa mita siku zinapofika, maana nyingi za siku hizi ni mbovu tangu dukani. Nzuri husoma takriban maikrofaradi 0.2. Ile ya zamani inayofanya kazi isitupwe, iwekwe kwenye boksi la safari.

Kuazimana ndiko kunakovunja urafiki wa vilabu. Tenganisheni njia tatu na kuziandika: kuuza, kubadilishana na kuazima. Kwenye kubadilishana, kitu kibovu lazima kirudi. Pampu ya maji au silinda ya breki iliyokufa bado ina mwili, na mwili huo ukichongwa na kuwekewa bushi au sili mpya unarudi kazini. Asiyerudisha kitu kibovu alipe bei kamili. Kwenye kuazima vifaa vya kazi, kama pula ya kung'oa dramu za nyuma za Beetle, wekeni amana na tarehe. Nati ya dramu hiyo ni ya milimita 36 na hukazwa kwa takriban Nm 300. Asiye na pula wala bomba refu huishia kupiga dramu kwa nyundo hadi ipinde, halafu anaomba dramu yako.

Orodhesheni mafundi pia, kila mtu na kazi yake: nani anachonga kichwa cha injini, nani anashona viti, nani bado anajua kusawazisha kabureta mbili kwa sikio. Katwe, mtaa wa wafua chuma Kampala, kuna watu wanaoweza kufua chuma chochote ukiwapa sampuli, na Kisekka, soko la spea la Kampala, ukikaa na wazee wa pale utapata kitu ambacho hakipo kwenye rafu. Lakini wazee hao wanaondoka. Fundi akifungua giaboksi ya mwanachama wa klabu moja, vijana wa klabu nyingine waitwe wasimame pale. Chai na chakula cha fundi vilipwe na vilabu vyote viwili.

Misafara ya pamoja ichagulieni mwezi wa kiangazi, Januari, Februari au Julai. Kundi moja lisizidi magari sita. Gari la polepole liwe la pili kutoka mbele, si la mwisho, na kila dereva amtazame aliye nyuma yake: kwenye njia panda husogei mpaka umemwona. Mkitoka Kampala kuelekea Jinja, muwe mmeshapita Mukono kabla ya foleni ya asubuhi, maana injini inayopozwa kwa hewa haipendi foleni.

Hatari ambayo vilabu vikichanganyika huisahau ni kustatisha gari kwa waya. Magari mengi ya Kiingereza ya kabla ya katikati ya miaka ya 1960 yana ncha chanya kwenye bodi. Mazoea ya dereva wa leo ni kubana waya wa mwisho kwenye chuma cha injini. Akifanya hivyo hapo anaunganisha chanya na hasi moja kwa moja, na moto unawaka mkononi. Ungeni betri kwa betri, chanya kwa chanya na hasi kwa hasi, wala bodi za magari zisigusane. Gari la volti 6 msiliunge na la volti 12 kabisa, lisukumeni.

Wageni wakitoka Kenya kupitia Busia au Malaba, kitambulisho cha taifa kinatosha kwa mtu, ila gari lina mambo yake: kitabu cha usajili, kibali cha muda cha forodha, bima ya COMESA ya Kadi ya Njano, na barua ya mwenye gari kama anayeendesha si yeye. Kinachokwamisha mara nyingi ni namba ya injini. Gari la miaka 50 limeshabadilishwa injini, na kitabu bado kina namba ya kwanza. Klabu mwenyeji iombe picha za namba zote wiki chache kabla, si wakati mgeni yuko dirishani. Wanaokwenda Rwanda wajue huko huendeshwa kulia, na taa za magari yetu zikiinamishwa huwamulika wanaokuja, hivyo zibandikwe utepe.

Maonyesho yenyewe sasa. Ugomvi wa kwanza ni umri. Shirikisho la kimataifa la magari ya kale, FIVA, lililoanzishwa 1966, linataka gari liwe na angalau miaka 30, litunzwe katika hali yake ya asili na lisiwe la matumizi ya kila siku. Chukueni kipimo hicho, na msicheke: Toyota Corolla AE100 ilianza kuundwa 1991, kwa hiyo za mwanzo zimeshatimiza umri. Kifungu cha matumizi ya kila siku ndicho kitakachozuia uwanja kujaa teksi. Majaji wa kila kundi watoke klabu isiyo na gari katika kundi hilo, na fundi asipewe kuhukumu gari alilolitengeneza. Mapato ya mlangoni yagawanywe kwa idadi ya magari kila klabu iliyoleta na yakawaka yenyewe, yaliyokokotwa yasihesabiwe.