Re: Watoto wanasahau kila kitu mchezo ukianza

Shikamoo mwalimu. Umesema watoto wako wa darasa la tano hapo Lindi wanatulia wakati wa maelezo, halafu mechi ya mpira wa magongo (hoki) ikianza wanachapa mpira ovyo. Punguza maelezo. Onyesha mara mbili ukiwa kimya, kisha waache wafanye, kila mtoto na mpira wake. Mipira ya magongo ikiwa haitoshi, ya tenisi inafaa kabisa kwa umri huo.

Kabla ya yote angalia mikono, maana naamini tatizo linaanzia hapo. Kwenye magongo upande wa mgongo wa fimbo, ule wa mviringo, hauruhusiwi kugusa mpira, kwa hiyo mtoto akitaka kuuhamishia kushoto na kulia lazima aizungushe fimbo. Kazi hiyo ni ya mkono wa kushoto, ule wa juu. Wa kulia unakaa chini yake kama bomba, fimbo izunguke ndani. Wengi wanabana kwa wa kulia, fimbo inagoma kugeuka, mpira unawapita. Mrekebishe hilo tu siku hiyo, mengine yaache kwanza.

Kupiga kwa nguvu kusubiri. Waanze na kusukuma, ni salama zaidi kwa miguu ya wenzao.

Na usiwapange foleni ndefu! Watatu kwa watatu, uwanja mdogo, kila mmoja anagusa mpira mara nyingi. Chagua sehemu ya udongo mgumu, kwenye mchanga mpira hautembei na watoto wanakata tamaa bure. Wakishazoea kushika, uliza tena hapa kuhusu kupokea pasi.