Vaksini haipulizwi na mtu mmoja

Mhariri, swali lenu la wiki hii linatutaka tutaje albamu moja iliyochanganya muziki wa jadi wa kanivali na sauti za kielektroniki, kisha tueleze kama mchanganyiko huo umeujenga muziki wenyewe au umeubomoa. Mimi nataja Leave the Bones, ambayo bendi ya Lakou Mizik kutoka Haiti iliitoa mwaka 2021 pamoja na mtayarishaji Joseph Ray. Jibu langu ni kwamba umeujenga, ingawa kuna kitu kimoja ambacho mashine imekichukua bila kukirudisha.

Ili nieleweke, sharti nianze na rara, muziki wa jadi ambao bendi hii inauchota. Hii ni misafara ya muziki ambayo huko Haiti huanza pale kanivali inapokwisha, ikaendelea Kwaresima nzima na kufikia kilele wiki ya Pasaka, hasa katika mji wa Léogâne. Ala inayoutambulisha ni vaksini, yaani kipande cha mwanzi kinachopulizwa kama baragumu. Kila vaksini hutoa sauti moja tu, ya juu au ya chini kulingana na urefu wake. Kwa hiyo wimbo haupatikani mpaka wapulizaji kadhaa wapokezane, kila mmoja akitia sauti yake katika upenyo alioachiwa na wenzake, huku akigonga ubavu wa mwanzi kwa kijiti. Asipokuwapo mmoja, wimbo unabaki na pengo. Kwangu mimi, uzuri wa rara uko hapo: hakuna awezaye kuuchukua wimbo akaenda nao peke yake.

Wapo wanaosema kwamba vinanda vya kielektroniki vinaunajisi muziki huu. Siafikiani nao. Boukman Eksperyans, bendi nyingine ya Haiti, walikwisha kuunganisha midundo ya rara na ya Vodou, dini ya jadi ya huko, na magita ya umeme, na wimbo wao wa kanivali ya mwaka 1990 ukageuka sauti ya watu waliochoshwa na utawala wa kijeshi. Hata vaksini zenyewe, siku hizi baadhi hukatwa kutoka mabomba ya plastiki, na hakuna aliyesema kwamba rara imekufa. Mwanzi unaweza kubadilishwa. Kupokezana ndiko kusikoweza kubadilishwa.

Ndiyo maana albamu hii hainisikikii kama vitu viwili vilivyogundishwa. Muziki wa kielektroniki wa kuchezwa nao hujengwa kwa vipande vifupi vinavyorudiwarudiwa, kimoja kikiingia na kingine kikitoka, na huo ni ujenzi ambao wapulizaji wa vaksini wanaufahamu tangu zamani. Joseph Ray, nadhani, aliligundua hilo, kwa sababu mara nyingi besi yake hukaa chini na kuwaachia nafasi waimbaji wanaoitikiana kwa Krioli, lugha ya Haiti, akiwemo mkongwe Sanba Zao, ambaye pia ni mpiga ngoma. Jina la albamu kwa Krioli ni Kite Zo A, yaani “acha mifupa”, na kwa kweli mifupa imeachwa mahali pake: wito, itikio na ngoma.

Kilichopotea ni mwendo wa miguu. Rara hupigwa watu wakitembea, kwa saa nyingi, na pigo lake hufuata njia: hupungua msafara unapopanda mlima, husimama njia panda, huharakishwa na umati unapoongezeka. Pigo la mashine halimngojei mtu wala halimkimbilii. Nilipoisikiliza albamu hii kwa mara ya kwanza, nimeketi peke yangu na visikilizio masikioni, ilifika sehemu ambapo sauti za watu zilipanda kwa namna ambayo msafara wowote ungeongeza kasi; miguu yangu ikaanza kuongeza, na ngoma ya studio ikabaki pale pale.