Jedwali halijui saa kumi na moja alfajiri

Ndugu uliyeuliza: umeajiriwa kwenye mradi wa maji Kyangwali, makazi ya wakimbizi magharibi mwa Uganda, umepewa wiki mbili ufanye uchambuzi wa mgogoro kwa mfumo wa Do No Harm, yaani "usilete madhara", na unataka kujua kama ni kazi ya maana au karatasi ya kumridhisha mfadhili. Mimi nilianza huko kama mkalimani mwaka 2018, watu walipokuwa wanavuka Ziwa Albert kutoka Ituri, Kongo, na kushukia Sebagoro upande wa Uganda. Ina maana, ila si kwa namna utakavyofundishwa kwenye semina.

Mfumo wenyewe hauna kosa. Mary B. Anderson na wenzake waliujenga miaka ya 1990 kutokana na yaliyowakuta watu wa misaada kazini, na unauliza jambo la kawaida tu: huu mzigo ninaoleta, unamnufaisha nani na unamkera nani? Taabu inaanza ukipewa jedwali la safu mbili, vinavyotenganisha na vinavyounganisha. Mwezeshaji wetu alisema "viunganishi", mzee mmoja aliyekuwa mwalimu akauliza kama tunataka "na", "lakini" na "kwa sababu". Watu wakacheka, nusu saa ikapotea. Tangu siku hiyo nauliza tu: ni wapi mnakutana bila kuitwa? Na ni wapi ukimwona fulani unageuza njia?

Halafu kuna visanduku. Fomu yetu ilikuwa na viwili, mkimbizi na mwenyeji. Kyangwali imepokea wakimbizi tangu miaka ya 1960, Wanyarwanda kwanza, baadaye Wakongo wa vita mbalimbali, kisha hao wa 2018. Ukiita "wenyeji" mkutanoni, Mnyoro, mtu wa kabila la eneo hilo, wa kijiji cha jirani ananyoosha mkono, na Mkongo aliyezalia watoto wake wote pale naye ananyoosha. Wote wana hoja.

Kisima cha pampu tulikiandika chini ya "kinachounganisha", kwa kuwa pande zote huchota hapo. Tulifika saa nne asubuhi: jerikeni za njano zimepangwa, akina mama wanapiga soga, picha ikatoka nzuri.

Miezi mitatu baadaye napigiwa simu usiku: kisima kina kufuli jipya, mama mmoja kapasuliwa mdomo. Kesho yake nikawa pale saa kumi na moja alfajiri, kwa bodaboda, maana gari la ofisi halikuruhusiwa kutoka gizani. Ilikuwa mara yangu ya kwanza kukiona kisima hicho saa hiyo. Jerikeni zilikuwa zimelala foleni tangu jana yake, nyingine hazina mtu, zimewekewa jiwe tu kushika nafasi. Ufunguo anao mtunza kisima, naye ni wa wale wakimbizi waliokuja zamani. Kamati tuliichagua kwenye mkutano, na mkutano tuliuendesha kwa Kiswahili. Akina mama wengi waliofika karibuni kutoka vijijini Kiswahili chao kilikuwa cha sokoni. Walipiga makofi, hawakupiga kura. Sasa wanadaiwa mchango wa mwezi wa shilingi 1,000, wale wa zamani ati "walishalipa".

Kwa hiyo ugomvi ulikuwa wa wakimbizi kwa wakimbizi, na mkono wetu ulikuwemo. Kwenye fomu haukuwa na kisanduku. Kisima kile kile kilipatanisha saa nne, kikapiganisha alfajiri. Na mvua zikishika, hakuna anayekigombania.

Kuhusu ile 30 kwa 100 ya msaada ambayo Uganda inataka iende kwa jamii zinazopokea wakimbizi, iandike, lakini ujue mtu wa kijijini hahesabu asilimia. Anahesabu mabati ya shule iliyoko kambini, halafu anatazama ya mwanawe.

Tulipoomba kamati ichaguliwe upya tukaambiwa fungu la kamati limekwisha, lililobaki ni la mafunzo ya amani. Basi tukafanya mafunzo ya amani pale pale kisimani, na somo lenyewe likawa uchaguzi. Hela ya soda ikalipa wakalimani. Wewe ombea fungu dogo lisilo na jina tangu sasa, kabla bajeti haijasainiwa. Na jedwali lijaze kwa penseli, urudi kiangazi kikikolea.

Umeuliza pia kama mkalimani wa ofisi anatosha. Chukua wawili, wa pande zisizosalimiana, waache wasahihishane mbele yako. Wangu waligombana dakika ishirini juu ya neno "wageni": mmoja alilitafsiri kama watu waliokuja kutembea, mwenzake kama watu waliokuja kukaa. Niliuandika ugomvi wote, neno kwa neno. Katika ripoti nzima, ndiyo sehemu pekee bosi aliyonipigia simu kuiulizia.