Nyungunyungu na misitu ya mepo na bichi

Umeuliza kwa nini majimbo ya Michigan na Minnesota huko Marekani wanaonya watu wasimwage nyungunyungu wa chambo msituni, wakati kwetu ni rafiki wa mkulima. Shambani ni rafiki kweli. Misitu ya huko ina historia nyingine.

Barafu ilifunika sehemu kubwa ya eneo la Maziwa Makuu ya Marekani hadi zaidi ya miaka 10,000 iliyopita, na ilipoyeyuka, misitu ikaota upya bila nyungunyungu hata mmoja. Waliopo leo wametoka Ulaya na Asia, kwa udongo wa miche, shehena za meli na chambo cha wavuvi.

Bila wao, majani ya miti ya mepo ya sukari na bichi huoza polepole sana, kazi ya kuvu, na kuacha tabaka nene, laini kama godoro, linalotunza unyevu. Humo ndimo miche ya mepo, maua ya majira ya kuchipua na kangaga ndogo huanzia maisha. Nyungunyungu wakiingia, godoro linaliwa kwa miaka michache tu, unabaki udongo mtupu ulioshikana. Miche inakauka, na ile michache inayopona huliwa na swala wa huko (hao nao wamezidi!). Swala hawaipendi sana miche ya bichi, kwa hiyo mepo ndiyo inayoumia zaidi.

Nyungunyungu wenyewe husambaa mita chache tu kwa mwaka. Mwendo mkubwa wanapewa na sisi, hivyo chambo kilichobaki kitupwe kwenye pipa la taka.