Kuandika kodi kwa mdomo: tabu iko kwenye ulimi na kutua

Mkuu uliyeuliza kama mtu mwenye maumivu ya viganja anaweza kuandika kodi kwa sauti (kodi za programu, si za TRA): anaweza, ila si kwa ile ya kuongea ya kwenye simu. Ile imezoea sentensi za watu. Ukiisomea mabano na nuktapacha inakuandikia insha.

Weka Talon, programu ya kuiamrisha kompyuta kwa sauti. Ni ya bure, inakwenda Windows, Mac na Linux (hapo, kati ya mifumo miwili ya kuonyesha madirisha, ingia kwa X11, Wayland itakusumbua), na ikishapakua modeli ya sauti haili bando. Amri zenyewe zichukue GitHub, tovuti ya kuhifadhi kodi, mkusanyo unaitwa community, uziweke kwenye folda ya user ndani ya Talon.

Anza kwa kukariri herufi: a ni "air", b "bat", d "drum". Hapa ndipo ulimi wetu unapotuponza. Tunapachika irabu mwishoni, "bat" inakuwa "bati", na mashine inasikia neno jingine. Likate neno ghafla. Anayechanganya r na l azifanyie kazi zaidi "red" na "look".

Kisha kutua. Ukitaka total_price = unasema "snake total price" ("snake" ni amri ya kuunganisha maneno kwa mstari wa chini), unanyamaza kidogo, ndipo "op equals", inayoandika alama ya =. Ukiunganisha, hiyo "equals" nayo inaingia kwenye jina, kwa sababu "snake" inameza kila kinachofuata mpaka unyamaze au useme "over". Kama inakukatiza kabla hujamaliza, ongeza speech.timeout, mpangilio wa sekunde inazosubiri ukinyamaza, hadi 0.5.

Majina ya Kiswahili haiyajui, modeli ni ya Kiingereza. Neno la mara moja lihajie: "jury urge made look air" inatoa jumla. La kila siku liingize kwenye faili la vocabulary.talon-list, kushoto linavyosikika, kulia linavyoandikwa:

joom la: jumla

Maikrofoni iwe ya kuvaa kichwani, ya USB, sentimita 2 au 3 pembeni mwa mdomo, pumzi isiipige. Ngurumo ya feni haina neno sana. Upepo wake ndio mbaya, kwa hiyo feni ya mezani igeuze. Kama uko Kariakoo na spika ya duka la chini inaimba "mia tano, mia tano", sema "talon sleep" kila unapoacha kuandika, la sivyo tangazo litaingia kwenye faili lako. Kurudi ni "talon wake".

Na usipaze sauti. Koo nalo linachoka kama viganja. Wiki ya kwanza dakika 20, maji pembeni.