Ruhusa Aliyopewa Mgonjwa

Ami yangu alipopata kiharusi na kupooza upande mmoja, sisi jamaa zake hapa Wete tulimwambia neno tuliloliona la huruma: "Ami, wewe umeshasamehewa, swali nyumbani." Hakujibu kitu. Kila Ijumaa aliomba avishwe kanzu na kofia na asogezwe barazani, akawa anawatazama wanaopita kwenda msikitini, na ikapita miezi kadhaa kabla sijapata akili ya kumuuliza anataka nini. "Nataka safu," alisema, yaani kuswali msikitini katika mstari mmoja na wenzake.

Ni kweli kwamba dini imempa mgonjwa wepesi, Mtume (S.A.W.) alimwelekeza Imran bin Husayn, aliyekuwa na maradhi, aswali kwa kusimama, akishindwa kwa kukaa, na akishindwa tena kwa kulala ubavu. Lakini wepesi huo amepewa yeye autumie anapouhitaji; hatukupewa sisi tumfungie nao mlango.

Kikwazo cha kwanza kilikuwa magurudumu ya kigari chake, kwani baadhi ya waumini walihofia kuwa yangeingiza najisi msikitini. Sikubishana nao. Nilichukua kopo la maji na kitambaa, nikayaosha na kuyafuta pale pale mlangoni huku wakiona, na hadi leo ndivyo tunavyofanya. Udhu tunamtilia nyumbani. Ngazini hubebwa na vijana wawili, nao nimewasisitiza wamuulize kwanza wamshike wapi, maana ami huchukia kunyanyuliwa kwa makwapa kama gunia la karafuu.

Hata hivyo, kumfikisha kwenye safu si kazi yote. Ibn Umm Maktum, sahaba asiyeona, alikuwa mwadhini Madina, na katika Ramadhani watu waliendelea kula daku mpaka waisikie adhana yake. Yeye mwenyewe haoni alfajiri, kwa hiyo huambiwa na wenzake kuwa kumekucha, kisha huadhini. Walimsaidia pale alipohitaji macho, na kazi ikabaki yake. Ukitaka kumsaidia mtu wako, basi mtafutie na jambo ambalo wengine watamtegemea yeye.

Kwetu, ami amekabidhiwa watoto wa mtaa baada ya Alasiri, awasikilize Juzuu Amma, juzuu ya mwisho ya Qurani, pale pale barazani. Ulimi wake ni mzito bado, lakini masikio yake hayana huruma: juzi nilikuwa nikisoma Suratul Mulk ndani, akagonga ukuta kwa bakora kunijuvya kuwa nimeruka aya.