Magadi yafuate chombo, si tela

Maswali ya mwezi huu karibu yote yamekuja na picha, na karibu kila picha ina kosa lilelile: kayaki ya tanga imelala juu ya magadi, yaani vilalio vya chombo kwenye tela, yaliyochomelewa pale fundi alipokuta chuma cha kuyashikia. Ya matanga na kamba yatasubiri. Leo tunalimaliza hili.

Shikamoo mzee. Nimenunua kayaki ya tanga ya plastiki, urefu mita 5, ina matengo mawili (maelea ya ubavuni ya kuizuia isipinduke). Tela ninalo tayari. Magadi mawili niyaweke umbali gani? (Msomaji, Mbezi Beach)

Marahaba. Liache tela kwanza, uanze na chombo.

Kipimo cha kuanzia ni robo ya urefu kutoka kila ncha. Kwa mita 5, gadi la mbele likae mita 1.25 kutoka omo, la nyuma mita 1.25 kutoka tezi, na kati yake zibaki mita 2.5. Ukiyasogeza karibu zaidi, ncha zinaning'inia na kila tuta linazitikisa juu chini. Ukiyatanua mno, tumbo linalegea katikati.

Kisha piga magoti upapase chini ya chombo kwa kiganja. Utakuta mahali panapobonyea na mahali panapokataa. Panapokataa ndipo pa gadi: mara nyingi ni karibu na boriti zinazoshika matengo, na pale mlingoti unapokita ikiwa kikombe chake kimeshuka hadi sakafuni. Kama sehemu hizo ziko sentimita 20 mbele au nyuma ya robo, zifuate hizo. Tundu la pedali, kama chombo chako kina pedali za kukanyaga, lipishe kabisa. Ukingo wake ndio unaoanza kupasuka.

Mafundi wa mashua wa Kunduchi hawagadimu chombo, yaani hawakiwekei magadi, bila kujua taruma, ule ubavu wa ndani, liko wapi. Mashua ya mbao ina mataruma ya kupokea uzito. Kayaki yako haina. Ni ganda tupu la plastiki, jamii ya ile ya matangi ya maji yaliyo juu ya mapaa yetu. Tangi ukilikalisha juu ya mbao mbili nyembamba badala ya sakafu bapa, unajua litakavyokuwa baada ya miezi. Basi gadi lako ndilo taruma. Liwe pana, sentimita 15 au zaidi, na lifuate umbo la chombo mahali palepale litakapokaa. Chukua kadibodi, ikate kidogo kidogo hadi ikumbatie tumbo bila mwanya, uhamishie umbo hilo kwenye mbao, ndipo uweke sponji ngumu na zulia juu yake. Sponji laini ya godoro haifai: inalala yote, na chombo kinabaki kinagonga mbao.

Magadi yakishakaa sawa na chombo, ndipo uyafunge kwenye tela kwa bolti, usichomelee. Sogeza vyote pamoja mbele au nyuma hadi shingo ya tela, pale linaponasa kwenye gari, ibebe karibu sehemu moja ya kumi ya uzito wote. Tela na chombo vikiwa kilo 200, mizani chini ya shingo isome kama kilo 20. Shingo ikiwa nyepesi mno, tela litayumba nyuma ya gari ukikimbia, na barabara ya Bagamoyo ina watu wengi pembezoni wa kulipia kosa hilo.

Nasema hivi kwa uchungu kwa sababu yalinikuta. Fundi mmoja alinichomelea magadi mawili yaliyoachana mita 1 tu, kwa kuwa ndipo chuma cha tela kilipokuwa, nami nikamwachia. Nilikwenda Bagamoyo na kurudi mchana wa Februari. Jioni niliposhusha chombo, chini palikuwa na mabonde mawili ya kina cha kidole.

Nitumie roli za mpira zilizokuja na tela la boti ya faiba?

Hapana. Roli inabeba kwa mstari mmoja mwembamba, na plastiki haistahimili hilo.

Kayaki yangu tayari ina bonde chini. Nipashe kwa moto wa gesi?

Usithubutu kuisogezea moto. Plastiki hii inakumbuka umbo lake ikipata joto la taratibu. Igeuze tumbo juu juani, mchana mmoja au miwili, bila kitu kinachoikandamiza. Bonde likibaki, mwagia maji ya moto na usukume kutoka ndani kwa kiganja, kisha poza kwa maji baridi huku umeshikilia. Bonde la miaka huenda lisirudi lote. Na kama hujasahihisha magadi, safari ijayo litarudi palepale.

Mikanda nikaze kiasi gani? (Wasomaji sita)

Nimelijibu hili mara nyingi, na bado napokea picha za mikanda ya malori, ile ya kukaza kwa wenzo, imekaba kayaki hadi imepinda. Mikanda haibebi chombo. Kazi yake ni kukizuia kisiruke. Tumia mkanda wa kufunga kwa mkono, upite juu ya gadi lenyewe na kamwe usipite kati ya magadi, uvute hadi chombo na tela vitikisike pamoja, basi. Kamba ya omo ni ya kuzuia kusogea; ukiivutia chini unakunja chombo chote. Ukifika, legeza mikanda kabla hujasalimia mtu, hasa wakati wa kaskazi, jua la Januari likiwa kali.

Matengo niyaache yamefungwa wakati wa safari?

Yatoe. Tengo linalotikisika barabarani linachosha boriti na kiungio chake, nawe utaligundua hilo ukiwa katikati ya Msasani na Bongoyo, upepo umeshika. Yalaze kando ya chombo juu ya vipande vyake vya sponji, na mlingoti vilevile. Chochote kinachozidi mwisho wa tela kifungwe kitambaa chekundu.

Naingiza tela majini pale ufukweni ili kayaki ielee yenyewe. Ni sawa?

Kwa tela si sawa. Beringi zimetoka barabarani zikiwa moto. Zikizama ghafla zinavuta maji ya chumvi ndani, na grisi inaharibika. Isitoshe fukwe zetu ni mchanga, na siku za bamvua, yaani za maji makubwa, maji yanajaa haraka kuliko unavyochimbua gurudumu. Acha tela pakavu, ushushe chombo kwenye kigari cha matairi manene, msukume watu wawili. Kigari nacho kibebe pale gadi linapobeba.

Nitasafiri miezi mitatu. Niiache juu ya tela uani?

Usiiache hapo. Ishushe, igeuze tumbo juu, iegemee kwenye kingo zake juu ya mbao mbili pana zilizofunikwa zulia, chini ya banda. Kivuli cha mwembe hakitoshi, kwani jua linahama. Fungua kizibo cha maji ili hewa iliyopata joto ndani itoke, na uzibe tundu hilo kwa wavu nyigu wasijenge.